Ukali wa Kuvu na Sukari Yake

Tunasema jua kali, pombe kali, mbwa mkali. Katika elimu ya magonjwa ya mimea neno hilo hilo, ukali, ndilo ninalolipendekeza kwa kile wataalamu wanachokiita virulensi: kiasi cha madhara ambayo kimelea humfanyia kiumbe anayekihifadhi. Wapo wanaoandika "uambukizaji". Naona wanapotea njia. Uambukizaji ni kuenea. Ugonjwa unaweza kuenea shamba zima ukaacha vidoadoa tu.

Mfano wa ukali uko Ufipa. Ulezi ni nafaka ya siku nyingi kwenye nyanda hizi za juu za Sumbawanga. Wafipa waliulima kwa matuta ya ntumba, majani yakifukiwa chini ya udongo yaoze na kuwa mbolea. Adui mkubwa wa ulezi Afrika Mashariki ni ugonjwa wa blasti. Shika suke lililopatwa: shingo yake, pale chini kidogo ya vidole vya suke, imekuwa nyeusi na kusinyaa, na vidole vimepauka kana kwamba vimekomaa kabla ya wakati. Lipukuchue kiganjani, kisha puliza. Punje ni nyepesi, zinapeperuka pamoja na makapi.

Kuvu inayofanya hivyo ni Magnaporthe oryzae, inayoangamiza mpunga pia, ingawa inayoushambulia ulezi ni nasaba yake nyingine. Spora yake ikitua kwenye jani lenye umande hujigandisha, huota, kisha hujenga kifuko cheusi chenye ukuta mgumu. Akiba iliyokuja nayo, yaani glikojeni, trehalosi na mafuta, huvunjwavunjwa, na gliseroli hujaa kifukoni. Gliseroli huvuta maji kutoka nje. Shinikizo hupanda hadi kama megapaskali 8, takriban mara 40 ya lile la tairi la gari dogo, na kijiti chembamba hutoboa jani kwa nguvu hiyo.

Hapa ndipo sukari inapoingia. Mwaka 2003 Nicholas Talbot na wenzake wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walieleza kilichotokea walipoiondolea kuvu hii jeni ya kimeng'enya kinachosaidia kuunda trehalosi, ambayo ni sukari. Kuvu iliota na kujenga vifuko, lakini haikuvijaza shinikizo la kutosha, na mpunga haukuugua ipasavyo. Utafiti uliofuata ulionyesha jambo ambalo kwangu ni zito zaidi: kimeng'enya hicho pia huhisi kiasi cha sukari kilichomo ndani ya seli, na kwa kipimo hicho kuvu huamua jeni zipi zifanye kazi. Kuvu ile ile, jani lile lile. Kilichopungua ni ukali.

Vitabu vyetu huita mabadiliko ya kikemia ndani ya kiumbe umetaboli. Umetaboli wa sukari ni istilahi nzuri darasani. Kwa mkulima wa Laela au Mpui, huko Ufipa, inatosha kusema "jinsi kuvu inavyotumia sukari yake", naye ataelewa bila kupotoshwa.

Ninawaomba waandishi wa vipeperushi vya kilimo na maofisa ugani watenganishe uambukizaji na ukali. Ugonjwa ukienea, andikeni unaambukiza. Suke likikauka shingoni, andikeni ni mkali.