Ogaden 1977: Vita Vilivyoivunja Somalia Nyumbani Kwake

Rais Siad Barre alipotangaza Machi 9, 1978 kwamba anayaondoa majeshi yake Ogaden, mashariki mwa Ethiopia, Somalia haikuwa imepoteza hata shubiri moja ya ardhi yake. Kwa mwenye kutazama ramani tu, nchi ilikuwa imerudi palepale ilipokuwa kabla ya kuivamia Ethiopia mwezi Julai wa mwaka uliotangulia. Lakini miaka 13 baadaye Barre alikuwa ameikimbia Mogadishu, jeshi lake limesambaratika na dola yenyewe haipo tena. Wengi wanapousimulia mkasa wa Somalia huanzia mwaka huo wa 1991, kana kwamba nchi iliamka siku moja ikajikuta imevunjika. Mimi naona ilivunjika kwa sababu ya uamuzi wa Julai 1977, na madhara ya uamuzi huo yanafuatilika hatua kwa hatua.

Ndoto yenyewe ilikuwa ya zamani kuliko Barre. Somalia ilipozaliwa mwaka 1960, nyota ya bendera yake ilikuwa na pembe tano kwa ajili ya maeneo matano ya Wasomali: mawili yaliyokwisha kuungana, na matatu yaliyokuwa nje, yaani Djibouti, Ogaden na kaskazini mashariki ya Kenya. Mwaka 1964 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipokubaliana mjini Cairo kuiheshimu mipaka iliyorithiwa kwa wakoloni, Somalia ilikataa. Vita vya Shifta, vya waasi wa Kisomali wa kaskazini mashariki, viliitesa Kenya hadi Oktoba 1967, Waziri Mkuu Mohamed Ibrahim Egal alipokubali kusuluhishwa na Jomo Kenyatta mjini Arusha chini ya upatanishi wa Kenneth Kaunda. Egal hakuikana ndoto. Alichokikataa ni kuiendesha kwa bunduki, kwa kuwa aliona gharama yake inawaangukia Wasomali wenyewe. Miaka miwili baadaye wanajeshi wakiongozwa na Barre walitwaa madaraka na kumfunga.

Ni haki kukiri kwamba serikali ya Barre ilikuwa na mengi ya kujivunia. Mwaka 1972 iliipatia lugha ya Kisomali maandishi rasmi ya herufi za Kilatini, kisha ikawatuma wanafunzi vijijini kufundisha watu kusoma. Ukame mkali wa 1974 ulipoua mifugo, maelfu ya wafugaji walihamishiwa kwenye mashamba na pwani kwa msaada wa ndege za Kisovieti. Nchi maskini ilikuwa inajengeka, na hayo ndiyo yaliyowekwa rehani.

Mapinduzi ya 1974 yaliiacha Ethiopia imevurugika, na Barre akadhani saa imefika. Hakukosa onyo. Machi 1977 Fidel Castro alimkutanisha na kiongozi wa Ethiopia, Mengistu Haile Mariam, mjini Aden na kupendekeza shirikisho la nchi za kisoshalisti katika eneo hilo. Barre alikataa. Kufikia Septemba vifaru vyake vilikuwa vimeingia Jijiga na sehemu kubwa ya Ogaden ilikuwa mikononi mwake. Hata hivyo vifaru vile, ndege zile, vipuri na wakufunzi vyote vilitoka Moscow, na Moscow ilikwisha amua kusimama na Ethiopia. Novemba 13 Barre aliwafukuza washauri wa Kisovieti, akitumaini Marekani ingeziba pengo. Rais Carter hakukubali kumpa silaha mtu aliyekuwa ndani ya ardhi ya jirani. Ethiopia ilipokea silaha za Kisovieti kwa wingi na zaidi ya askari 10,000 wa Cuba, na mwanzoni mwa Machi 1978 Jijiga ikarudi mikononi mwake. Inakadiriwa kuwa Somalia ilipoteza theluthi ya askari wake na nusu ya ndege zake za kivita. Kenya nayo, iliyojua pembe mojawapo ya ile nyota inaielekea yenyewe, ilisimama na Addis Ababa na kutia saini mkataba mpya wa urafiki mwaka 1979.

Hayo yalikuwa madhara ya nje. Ya ndani yaliuma zaidi. Mwezi mmoja tu baada ya kurudi nyuma, maofisa waliokasirishwa na uendeshaji wa vita walijaribu kumpindua Barre. 17 waliuawa kwa hukumu. Wengi wao walikuwa wa ukoo wa Majerteen, na Barre akaugeuza ukoo mzima kuwa adui: askari wake wa Kofia Nyekundu walibomoa mabirika ya maji katika nchi kame ya Mudug, na watu na mifugo wakafa kiu. Abdullahi Yusuf, mmoja wa maofisa hao aliyeponea chupuchupu, alipata kambi ya kupigania wapi? Ethiopia. Wakati huohuo mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Ogaden waliingia Somalia, na wengi wakawekwa kaskazini katika ardhi ya ukoo wa Isaaq. Waisaaq walipoona serikali inawapendelea wageni hao kwa misaada na hata kuwapa silaha, wakaunda chama cha SNM mjini London mwaka 1981, nacho kikahamia Ethiopia. Kila aliyeonewa nyumbani alikuta mlango uliofunguliwa na vita.

Aprili 1988 Barre na Mengistu walipatana: kila mmoja aache kuwafadhili waasi wa mwenzake. Kwa Barre hiyo ilikuwa kuikana Ogaden, miaka kumi na maelfu ya makaburi baadaye. SNM, ikihofia kufukuzwa Ethiopia, iliingia Burao na Hargeisa mwezi Mei. Serikali ikaijibu Hargeisa kwa mabomu, ndege zikiruka kutoka uwanja wa mji huohuo. Zaidi ya watu 300,000 walikimbilia Ethiopia. Rais aliyeanza kwa kutaka kuwakomboa Wasomali kutoka utawala wa Addis Ababa alimaliza kwa kuwafanya Wasomali waombe hifadhi chini ya utawala huo. Na vita vilipofika kusini havikuwa na macho: watu wa mji wa pwani wa Barawa, wenye Kiswahili chao cha Chimwini na wasiokuwa na chochote cha kugombea Ogaden, walitoroka kwa bahari hadi Mombasa mwaka 1991, wakiyaacha maduka na misikiti ya karne nyingi.

Wapo watakaosema kwamba madai ya Wasomali yalikuwa ya haki. Nakubali yalikuwa na uzito. Mipaka ile ilichorwa na wakoloni pamoja na Mfalme Menelik bila kuwauliza wafugaji wanaoivuka kila msimu. Lakini haki ya dai haimfungi kiongozi kulidai kwa njia itakayowaangamiza wadai. Wengine husema Barre alisalitiwa na Wasovieti. Kiongozi anayepigana kwa risasi za mwingine ana wajibu wa kujua mwenye risasi anataka nini, na kule Aden Barre alikwisha ambiwa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba Somalia ilibomolewa na udikteta wa kiukoo, si vita. Mwenye kusema hivi anaweza kuongeza kwamba hata Mengistu, aliyeshinda, alianguka Mei 1991, miezi minne baada ya Barre. Ni kweli Barre alikuwa dikteta kabla ya 1977. Ila hadi wakati huo utawala wake ulisimama juu ya jeshi la taifa zima na juu ya fahari ya watu wengi. Kushindwa kuliondoa nguzo zote mbili, na Barre, aliyebaki bila hizo, akaegemea jamaa zake na kuwapiga wengine. Mengistu alipokimbia, waasi walioingia Addis Ababa walikuta wizara, kodi na makarani, wakaendelea kutawala. Mogadishu hapakuwa na cha kurithi isipokuwa silaha, na wababe wa koo wakazigombania mtaa kwa mtaa. Kaskazini walijitenga Mei 1991 wakajiita Somaliland, na mwaka 1993 wazee wao walimchagua kuwa rais Mohamed Ibrahim Egal, yuleyule wa Arusha.