Makovu ya Uso: Kutoka Ndui Hadi Chunusi

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya ngozi ya uso wa mwanadamu, na ya makovu yanayobaki juu yake. Tutauliza maswali mawili. La kwanza: watu wamefanya nini tangu zamani ili kuyaondoa makovu? La pili: sisi tunaokaa Kwa Sadala, na wenzetu wa miteremko yote ya Kilimanjaro, tujifunze nini katika habari hiyo?

Msidhani jambo hili ni dogo. Kijana mwenye chunusi nyingi huinamisha kichwa anapozungumza na watu. Wenzake humcheka. Watu wazima humwambia kwamba haogi. Mwishowe huenda sokoni na fedha zake chache, akanunua kopo la mafuta lisiloandikwa limechanganywa na nini, naye hurudi nyumbani akiwa amenunua ubaya mkubwa kuliko ule wa kwanza. Ndiyo sababu yafaa tulieleze jambo hili taratibu.

Kovu ni nini?

Tazama mteremko wa mlima wetu. Mahali penye majani, mizizi huushika udongo, hata mvua kubwa ikinyesha hauondoki. Mahali palipo wazi, maji huukata udongo na korongo hutokea. Ngozi nayo ina nyuzi ndani yake, zinazoishikilia kama mizizi. Jeraha dogo la juu halizifikii nyuzi hizo, nalo hupona bila alama. Jeraha lililokwenda chini huzikata, na mwili huanza kushona upya kwa haraka.

Nyuzi mpya zikiwa chache, hubaki shimo. Zikiwa nyingi kupita kiasi, kovu huvimba na kuwa gumu. Makovu mengine ya namna hii huendelea kukua hata yakapita mpaka wa jeraha lenyewe. Hayo huitwa keloidi, nayo huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi kuliko weupe.

Kuna alama ya tatu, ambayo si kovu hata kidogo. Ni doa jeusi lililo sawa na ngozi, lisilo na shimo wala uvimbe. Hilo ni rangi tu iliyozidi mahali palipokuwa na jeraha. Lisipokwaruzwa wala kuchomwa na jua kali, kwa kawaida hufifia lenyewe baada ya miezi mingi. Watu wengi wanaosema wana makovu ya chunusi wana madoa haya tu. Kumbukeni jambo hilo, kwa maana tutalirudia.

Habari ya ndui

Kwa karne nyingi ugonjwa uliotia makovu mengi usoni ulikuwa ndui. Ulifika Afrika, Asia, Ulaya na Amerika. Katika watu 10 walioupata, kama 3 walikufa. Waliopona, wengi walibaki na mashimo usoni, na wengine walipofuka macho. Hapa kwetu Afrika ya Mashariki ndui ilipita mara nyingi, na katika miaka ya 1890 iliua watu wengi sana.

Matajiri wa nchi za mbali walijaribu kuyaficha mashimo ya ndui kwa poda nzito na kwa vipande vidogo vya kitambaa walivyobandika mashavuni. Poda nyingine zilitengenezwa kwa risasi, ambayo ni sumu. Hapana hata mmoja aliyepata dawa ya kuyafuta.

Basi ndui ilishindwa kwa njia gani? Mwaka 1796 daktari Mwingereza, Edward Jenner, alimchanja mtoto kwa usaha wa ndui ya ng'ombe, ugonjwa ulio mwepesi. Baadaye mtoto huyo hakushikwa na ndui ya watu. Tangu hapo chanjo ilienea polepole. Mwaka 1967 Shirika la Afya la Dunia lilianza kampeni kubwa ya kuifuta ndui duniani kote. Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, mwezi wa Oktoba 1977. Alipona. Mwaka 1980 dunia ilitangaziwa kwamba ndui imekwisha.

Angalieni vizuri. Makovu ya ndui hayakuondolewa kwa dawa ya makovu. Yalikoma kwa sababu ugonjwa ulizuiwa kabla haujafika usoni. Alama ndogo ya chanjo mkononi ilichukua mahali pa mashimo mengi ya uso.

Chunusi na makovu yake

Siku hizi makovu mengi ya uso tunayoyaona kwa vijana ni ya chunusi. Mtoto anapobalehe, tezi zilizo chini ya ngozi hutoa mafuta mengi zaidi. Vijitundu vya ngozi huziba. Vijidudu vinavyokaa humo huzidi, ngozi huvimba na kuuma. Uvimbe ukiwa juu juu, hupita. Ukienda chini, hukata zile nyuzi tulizozitaja, na shimo hubaki.

Kwa hiyo chunusi si uchafu. Kusugua uso kwa nguvu mara nyingi kwa siku huizidisha. Wala si dalili ya tabia mbaya. Tena si kweli kwamba huponywa kwa kuoa au kuolewa. Na kuziminya kwa kucha ni kuusukuma uvimbe chini zaidi. Mara nyingi kovu hutokana na vidole vya mwenye uso mwenyewe.

Jinsi madaktari walivyojaribu

Kwa muda wa miaka zaidi ya 100 madaktari wamejaribu kulainisha mashimo ya uso. Mwaka 1882 Daktari Paul Gerson Unna wa Hamburg, Ujerumani, aliandika habari za tindikali zinazobambua ngozi ya juu ili mpya iote. Mwaka 1905 Mjerumani mwingine, Ernst Kromayer, alieleza namna ya kuikwangua ngozi kwa chombo kinachozunguka. Katika miaka ya 1950, kule New York, Daktari Abner Kurtin aliifanya kazi hiyo kwa brashi ya nyaya.

Mwaka 1995 ilielezwa njia ya kupitisha sindano chini ya kovu na kuzikata nyuzi zinazolivuta ndani. Daktari Des Fernandes wa Cape Town, Afrika ya Kusini, alieneza njia ya kuchoma ngozi kwa sindano ndogondogo nyingi ili ishone nyuzi mpya. Mwaka 2002 madaktari wa Korea ya Kusini walieleza jinsi ya kutia tone la tindikali ndani ya shimo jembamba. Na mwaka 2004 ikatangazwa leza inayochoma vinukta vidogo tu, ikiacha ngozi nzima katikati ili kidonda kipone upesi.

Njia hizi zimewasaidia watu wengi. Lakini hapana hata moja inayofuta kovu lote. Zinalipunguza. Nyingi zahitaji kurudiwa mara kadhaa, na gharama yake ni kubwa. Tena ngozi nyeusi ikichomwa au ikibambuliwa na mtu asiye na ujuzi, huweza kutoka madoa meusi zaidi, na hata keloidi. Keloidi nayo ikikatwa tu bila tiba nyingine, mara nyingi hurudi ikiwa kubwa kuliko ya kwanza.

Dawa za kuzuia chunusi yenyewe ndizo zilizoleta nafuu zaidi. Iliyo mashuhuri ni tretinoini, ya ukoo wa vitamini A, iliyokubaliwa Marekani mwaka 1971. Aliyeieneza ni Daktari Albert Kligman wa Philadelphia. Yafaa mjue pia upande wa pili wa habari hiyo. Daktari huyo alifanya majaribio mengi ya ngozi juu ya wafungwa wa gereza la Holmesburg, tangu mwaka 1951 hadi 1974. Wengi wao walikuwa watu weusi na maskini, nao hawakuelezwa sawasawa watakayotendewa. Dawa njema imekuja, lakini wako watu walioilipia kwa ngozi zao.

Mwaka 1982 ilifuata isotretinoini, ambayo humezwa kwa ajili ya chunusi kali. Hiyo haipewi kabisa mwanamke mwenye mimba, kwa maana humharibu mtoto tumboni. Haifai kununuliwa ovyo bila daktari.

Kazi iliyofanyika Moshi

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1971 hospitali ya KCMC ilifunguliwa mjini Moshi. Wakati huo na hata baadaye, madaktari wa ngozi katika Afrika walikuwa wachache mno. Mwaka 1987 shirikisho la madaktari wa ngozi wa dunia lilianzisha taasisi ya kuzisaidia nchi zenye upungufu huo. Matunda yake ni Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, kilichofunguliwa hapo hapo KCMC mwaka 1992. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Daktari Henning Grossmann, Mjerumani.

Kituo hicho hakikuanza kwa kununua mashine za kupendezesha nyuso. Kilianza kwa kuwafundisha waganga wasaidizi na wauguzi kutoka nchi nyingi za Afrika, kisha wakarudi makwao. Walijifunza kutibu upele, fangasi na ukoma, na kuwalinda ndugu zetu wenye ualbino na saratani ya ngozi. Hata mafuta ya kuwakinga na jua yametengenezwa hapo.

Mtasema, hayo yahusianaje na makovu ya chunusi? Yahusiana sana. Mganga wa wilaya anayeijua ngozi huweza kuitibu chunusi ingali changa, kwa dawa ya bei ndogo, kabla nyuzi hazijakatika. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hatari ya mkorogo

Adui mkubwa wa kazi hiyo ni mkorogo. Mwenye doa jeusi, lile tulilosema hufifia lenyewe, hana subira. Hununua krimu ya kujichubua. Nyingine zina zebaki, ambayo huharibu figo. Nyingine zina haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa muda mrefu huweza kuitia ngozi rangi nyeusi ya bluu isiyotoka. Nyingine zina steroidi kali, nazo huifanya ngozi kuwa nyembamba na kuleta chunusi mpya. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania. Hata hivyo hupenya na kuuzwa. Uso uliokuwa na madoa ya kupita hubaki na madhara ya kudumu.

Ufanye nini basi?

Osha uso mara mbili kwa siku kwa maji na sabuni nyepesi, bila kusugua. Usiminye. Acha mafuta mazito usoni. Vaa kofia au jifunike mtandio juani. Chunusi zikiwa kubwa, zikiuma, au zikianza kuacha mashimo, usingoje. Nenda zahanati, au hospitali ya wilaya pale Bomang'ombe, ukaeleze. Dawa huchukua majuma 8 hadi 12 kabla ya kuonyesha kazi yake, basi usiiache baada ya juma moja. Na kama kovu limekwisha kuingia, uliza habari za tiba kwa mtaalamu wa ngozi, si kwa mwuza krimu.

Nawe mzazi, usimcheke mwanao. Mpeleke.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Doa jeusi na kovu vyatofautianaje?
2. Makovu ya ndui yalikomeshwa kwa njia gani?
3. Kwa nini wafungwa wa Holmesburg walitendewa vibaya, na ni nini kingefaa kufanywa?
4. Kijana wa jirani yako ameanza kutumia mkorogo. Utamwambia nini bila kumwaibisha?

Someni tena sehemu ya mkorogo kwa sauti, mmoja mmoja, kisha mjibu maswali. Kwaherini.