Waiteni Mazimwi

Vijana wa hapa Pweto wanaotaka kuigiza upya, kwa Kiswahili, filamu ya George Romero ya mwaka 1968 wameniletea mswada wenye kichwa "Usiku wa Maiti Hai". Wanasema wataalamu fulani wa Lubumbashi wamewahakikishia kwamba ndiyo istilahi sahihi. Si sahihi. Maiti huoshwa, huvishwa sanda, huzikwa. Kuibandika "hai" ni kunakili mort-vivant ya Kifaransa kipande kwa kipande, na wataalamu walioridhika na kazi hiyo hawakuwasikiliza wasimulizi wa hadithi hata jioni moja.

Wengine wanaleta msukule wa Tanzania, yule anayedhaniwa amekufa, kumbe mchawi amemficha na kumlimisha shamba usiku. Neno hilo nalipenda, ila msukule ana bwana. Anafanana na zombi wa Haiti, kama tulivyomwona katika filamu White Zombie ya 1932, wafu wakisukuma kinu cha miwa cha bwana wao, aliyeigizwa na Bela Lugosi. Zombi nalo wanaisimu wengi hulitoa kwenye Kikongo au Kimbundu, nzambi au nzumbi, likavuka Atlantiki pamoja na watumwa. Kwa filamu ile linafaa kabisa.

Wafu wa Romero hawatumwi na mtu. Wanakula watu. Tena ndani ya filamu yake hakuna anayetamka zombi. Wanaitwa kwa neno la Kiingereza ghoul, lililotoka kwenye Kiarabu ghul, jini mla watu wa makaburini. Sisi mla watu tunaye tangu utotoni: zimwi. Shina lake ni lile la mzimu, ambalo huku Katanga tunatamka muzimu, yaani roho ya aliyekufa. Wagikuyu wana irimu, Wazulu wana izimu, na wote hao hula watu. Kifo na ulaji vimekaa ndani ya shina moja kabla hata sinema haijazaliwa. Niliwahi kulipendekeza neno hili kwa maandishi, nikajibiwa kwamba zimwi ni la ngano za watoto. Aliyejibu hivyo hajaitazama filamu.

Tunasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Romero aliigeuza methali hiyo bila kuijua. Johnny, kaka yake Barbra, anarudi akiwa mfu na kumburuta dada yake nje, katikati ya kundi. Chini ya nyumba, mtoto Karen anamla baba yake. Mama anaposhuka, anamwita jina, naye Karen anamchoma kwa mwiko wa mwashi, tena na tena. Anamjua, na anammaliza. Tom Savini alipoirudia filamu hiyo mwaka 1990, kwa mswada wa Romero mwenyewe, ndugu waliendelea kuwala ndugu.

Matumizi ni mepesi: zimwi, mazimwi, kwa upatanisho wa ngeli yake. Karen akiwa mgonjwa "amelala", akiamka "limeamka". Waigizaji wautamke upatanisho huo wazi.

Kwa upande wa Marekani ruhusa isiwachelewesheni, maana huko filamu ni mali ya umma tangu msambazaji alipoibadili jina akasahau kuandika tena ilani ya hakimiliki. Kichwa kiwe "Usiku wa Mazimwi".