Funzo la Kisumu: Tafiti za Tabia za Kujamiiana na Sera ya Afya ya Umma

Mwaka 1997 na 1998 watafiti walipiga hodi katika kaya za miji minne ya Afrika: Kisumu nchini Kenya, Ndola nchini Zambia, Yaoundé nchini Kameruni na Cotonou nchini Benin. Katika kila mji waliteua kwa nasibu wanaume wapatao elfu moja na wanawake wapatao elfu moja, wakawahoji juu ya maisha yao ya kujamiiana na kuwapima damu. Kisumu na Ndola, takriban mtu mmoja kati ya wanne aliishi na Virusi vya Ukimwi (VVU). Cotonou hawakufika asilimia 4, na Yaoundé walizidi hapo, lakini bado walikuwa chini sana ya Kisumu na Ndola. Kwa nini tofauti iwe kubwa kiasi hicho?

Jibu lililokuwa tayari midomoni, mimbarini na hata katika baadhi ya ofisi za wafadhili, lilikuwa uasherati. Majibu ya dodoso hayakuliunga mkono. Wakazi wa Kisumu na Ndola hawakutaja wapenzi wengi kuliko wenzao wa Yaoundé na Cotonou, wala mahusiano ya wakati mmoja na wapenzi zaidi ya mmoja hayakuwa yameenea zaidi kwao. Kilichotofautiana ni mambo mengine. Karibu wanaume wote wa Yaoundé na Cotonou walikuwa wametahiriwa, ilhali Kisumu na Ndola waliotahiriwa walikuwa wachache. Herpesi ya sehemu za siri, inayofungulia VVU mlango, nayo ilikuwa imeenea zaidi katika miji hiyo miwili ya mwisho.

Utafiti huo haukuwa wa kwanza kuitaja tohara. Nguvu yake ni kwamba uliwapima wote kwa dodoso moja. Kabla ya hapo mtu aliweza kudai kuwa tohara ni alama tu ya dini au mila, na kwamba kinachowalinda watu ni mwenendo unaoambatana na dini au mila hiyo. Dai hilo haliwezi kujibiwa kwa vipimo vya damu peke yake. Sharti uulize watu wanaishije. Majaribio ya kitabibu yaliyofuata, likiwemo la Kisumu lenyewe lililohusisha wanaume 2,784 wenye umri wa miaka 18 hadi 24, yalisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu maambukizi mapya yalipungua kwa takriban nusu miongoni mwa waliotahiriwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa pendekezo lake mwaka 2007, na mwaka uliofuata Kenya ikaanza mpango wa tohara ya hiari, uzito ukiwa mkoa wa Nyanza, ulimo Kisumu.

Ninachodai ni hiki: utafiti wa tabia za kujamiiana za watu wazima ni kinga dhidi ya sera inayoongozwa na lawama. Wanaoupinga hudhani unakuja kuchungulia vyumba vya watu ili kuwaanika wakosaji. Mara nyingi umefanya kinyume chake. Uchambuzi wa vyanzo vya maambukizi uliotolewa Kenya mwaka 2009, uliojengwa kwa kiasi kikubwa juu ya takwimu za tabia, ulikadiria kuwa asilimia 44 ya maambukizi mapya yalitokea ndani ya ndoa na mahusiano ya kudumu. Miaka mingi kidole kilikuwa kimeelekezwa kwa dereva wa lori na mhudumu wa baa. Hao nao wana hatari yao, na makadirio hayo hayakuwafuta. Lakini mume na mke wasiojua hali zao walikuwa hawazungumziwi vya kutosha.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba watu hudanganya. Ni kweli, na hesabu yenyewe inawaumbua. Katika mahusiano ya mwanamume na mwanamke, jumla ya wapenzi wanaotajwa na wanaume inapaswa kukaribiana na jumla inayotajwa na wanawake. Karibu kila mahali wanaume hutaja wengi zaidi. Mtafiti Soori Nnko na wenzake walilichambua jambo hili kwa takwimu za Kisesa, karibu na Mwanza nchini Tanzania, katika makala ya mwaka 2004 ambayo kichwa chake kinauliza kama wanawake ndio wanaoficha au wanaume ndio wanaojigamba. Sehemu ya pengo hilo hutokana na sampuli. Utafiti wa kaya huwakosa watu wasiolala nyumbani: wavuvi wa kambini, wasafiri wa nyumba za wageni, na wanawake wachache wenye wateja wengi.

Ila kuna uongo ninaouogopa zaidi ya majigambo, nao ni ule uliofundishwa na kampeni zenyewe. Mtu aliyesikia redio ikihimiza kondomu kwa miaka ishirini anajua jibu linalotakiwa. Matumizi yakionekana kupanda, je, ni tabia iliyobadilika au ni ulimi? Ndiyo maana majibu ya dodoso yasomwe pamoja na vipimo vya maabara, na mbinu ya kuuliza ipewe uzito uleule wa swali. Uingereza ilianza kuwaachia wahojiwa wajaze majibu nyeti wenyewe kwenye kompyuta. Kwetu, kifaa hicho kikitolewa uani kinaweza kuwakusanya majirani wote. Tena kijana wa kiume kumwuliza mwanamke wa rika la mama yake ana wapenzi wangapi ni kukosa adabu, na atakachopewa ni jibu la adabu. Jinsia na umri wa mhojaji vinaamua ubora wa takwimu kuliko programu yoyote.

Halafu kuna suala la nani analipa. Mwaka 1989 serikali ya Margaret Thatcher nchini Uingereza ilikataa kugharimia utafiti wa kitaifa wa tabia za kujamiiana. Mfuko wa Wellcome Trust ukajitwisha gharama, watu 18,876 wakahojiwa mwaka 1990 na 1991, na utafiti huo ukarudiwa takriban kila baada ya miaka kumi. Awamu ya tatu ilifika hadi wenye miaka 74. Sisi tumetegemea zaidi tafiti za idadi ya watu na afya (DHS), zilizopata msaada wa USAID, shirika la misaada la Marekani, na kuandaliwa kwanza kwa ajili ya kupima uzazi. Ndiyo maana dodoso la wanawake hukoma kwenye miaka 49, kana kwamba baada ya hapo mwili hustaafu. Tafiti za kitaifa za VVU zimeuvuka umri huo, lakini fedha zake zimetoka PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na Ukimwi, na swali lake kuu ni virusi, si afya ya kujamiiana kwa upana wake.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani ilisitisha mpango wa DHS uliokuwa umezisaidia nchi zaidi ya 90. Kwa Tanzania na Kenya huu ni wakati wa kuandika dodoso lao, kwa fedha zao: liwafikie watu wazima wa kila umri, liende mialoni na kwenye vituo vya malori, na majina yatenganishwe na majibu kabla takwimu hazijatoka wilayani. Ofisi za takwimu za nchi hizi zimeendesha sensa. Zinaweza kulibeba na hili, wabunge wakikubali kulijadili kama kifungu cha bajeti badala ya kulifanya hoja ya maadili.