Kasi ya Bure na Jua la Wamunyu
Agosti 1998 Intel ilitoa Celeron 300A, prosesa ya bei ya chini. Hesabu yake ilikuwa 4.5 mara megahezi 66 na ushei, yaani 300. Wajanja wa kompyuta wakapandisha ile 66 ikawa 100, na nyingi zikakimbia 450, bega kwa bega na Pentium II ya bei ghali. Mwenye mfuko mwepesi akaonja kasi ya bure.

Lakini feni haiwezi kupoza prosesa chini ya joto la chumba. Huku kwetu Wamunyu jua linachoma, na vumbi la mbao za wachongaji linaziba kipoza joto. Kwa hivyo mimi natafuta kwanza prosesa inayokula umeme kidogo, ndiyo niipandishe. Kasi ya bure, bana, hulipiwa kwa joto.