Taa Ndogo Pembeni mwa Jicho

Bibi yangu hakuwahi kusoma sheria yoyote ya faragha, lakini alikuwa na yake. Tukishuka Darajani kununua samaki, mtalii akiinua kamera, bibi alikuwa ameshavuta kanga usoni kabla kidole hakijafika kwenye kitufe. Hakugeuka kumtazama, wala hakukatiza bei aliyokuwa akiibishania. Ilimtosha kuona mkono unapanda. Siku moja nilimuuliza mbona hakasiriki.

"Nikasirike nini? Yeye kainua, mie nimefunika. Tumemalizana."

Nimeukumbuka mkono huo kila ninapokutana na ubishi kuhusu miwani janja, kama itakuja kuvaliwa kila siku au itabaki mchezo wa wenye pesa. Ubishi wenyewe huwa wa betri, bei na uzito. Mimi nimevaa miwani tangu darasa la tano, nimeitwa "macho manne" kwa miaka mingi, na nadhani swali halipo kwenye betri. Lipo kwa yule aliyekaa mbele yako.

Chukua Google Glass. Juni 2012, huko San Francisco, watu walijirusha kutoka angani kwa miavuli wakiwa wameivaa, na ukumbi mzima chini ukaona yale waliyokuwa wakiyaona wao juu. Septemba mwaka huohuo wanamitindo wa Diane von Furstenberg walipita nayo jukwaani New York. Mwaka 2013 ikaanza kufika kwa wateja wa kwanza, dola 1,500 kila moja. Kwa umbo ilikuwa kama utepe uliopita kipajini, na juu ya jicho la kulia kipande kidogo cha kioo chenye kamera kando yake. Aliyekutana nawe alikiona kioo hicho kabla hajaona rangi ya macho yako.

Machi 2013 baa moja ya Seattle ilitangaza kwamba mwenye kuivaa haingii, wakati watu wengi mjini walikuwa hawajaiona hata kwa mbali. Februari 2014, katika baa ya San Francisco, mwanamke aliyeivaa alizozana na waliokuwemo, na mtu akaipokonya usoni pake. Mtaani likazuka neno la kuwaita wavaaji, jina la bidhaa lililosokotwa pamoja na tusi, nalo likaenea mpaka Google yenyewe ikalitumia ilipowapa wavaaji wake mawaidha ya adabu: msiwe hivyo. Januari 2015 mauzo kwa watu wa kawaida yakasimama. Kwa miaka kadhaa baadaye miwani hiyo iliishi viwandani na maghalani, mahali ambapo kila mtu anajua mwenzake amevaa nini na kwa nini, hadi 2023 ilipoachwa kabisa.

Waliosema imekufa kwa bei na betri, siwaamini. Simu ya mkononi ya Motorola iliyoingia sokoni mwaka 1983 iliuzwa dola 3,995 na iliruhusu maongezi ya kama nusu saa tu. Watu wakasubiri, simu ikaboreshwa. Hakuna aliyempokonya mwenziwe kwa hasira kwamba anampigia mtu simu.

Kuhusu subira, miwani ya kawaida ina somo lake. Mhubiri Giordano da Pisa alisimama Florence mwaka 1306 na kuwaambia wasikilizaji wake kwamba haijapita miaka 20 tangu ufundi wa kutengeneza miwani uvumbuliwe. Alikuwa akiusifu. Lakini miwani hiyo haikuwa na mikono. Ilikuwa lenzi mbili zilizounganishwa kwa pini, ukaishika kwa mkono au ukaibana puani na kuomba isidondoke. Vijiti vya pembeni, hivi vinavyobana kichwa juu ya masikio, vilianza kuuzwa London kama mwaka 1730. Zaidi ya karne nne! Ubongo ule ule uliochora ramani za bahari na kujenga makanisa makubwa ulikaa na miwani mkononi miaka yote hiyo, ukiwa na masikio mawili pembeni.

Kwa hiyo kifaa cha usoni kinaweza kuchelewa na bado kikafika. Tena adabu nayo hubadilika. Sony ilipotoa Walkman mwaka 1979, iliiwekea matundu mawili ya spika za masikio, kwa sababu Akio Morita aliona ni utovu wa adabu mtu kusikiliza muziki peke yake mbele ya wenzake. Watu hawakujali. Wakasikiliza peke yao, na tundu la pili likaondolewa. Leo nikipanda daladala bila kitu masikioni najihisi nimesahau nguo.

Kamera nayo ilipita njia hiyo, ila si yote. Kodak ya 1888 iliuzwa dola 25 ikiwa tayari na filamu ya picha 100, na ghafla mtu yeyote ufukweni angeweza kukupiga picha. Watu walilalamika sana. Miaka miwili baadaye mawakili wawili wa Boston, Samuel Warren na Louis Brandeis, waliandika makala kuhusu haki ya mtu kuachwa kwa amani yake, na picha za papo kwa papo zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasukuma. Kamera ikashinda hata hivyo. Ila kulikuwa na mapatano ambayo hakuna aliyeyaandika: ili unipige picha, lazima uinue kitu. Kodak iliinuliwa, simu janja inainuliwa. Mimi nikaona, nikatabasamu, nikageuka, au nikavuta kanga.

Miwani janja ya sasa inauondoa mkono huo. Ray-Ban Stories ilipotoka Septemba 2021, kwa mbali ilikuwa Ray-Ban kama zote, na hapo ndipo ilipofaulu. Toleo lililofuata, la Oktoba 2023, liliuzwa vizuri kiasi kwamba mwanzoni mwa 2025 EssilorLuxottica, kampuni inayomiliki Ray-Ban, ilisema imeshauza miwani milioni 2. Google Glass ilikataliwa kwa sababu ilionekana. Hii inakubaliwa kwa sababu haionekani, na mimi neno "inakubaliwa" linanikwama. Waliokuwa wanapinga hawajabadili mawazo. Hawajui tu kwamba wako mbele yake.

Kilichobaki cha kumwarifu mtu ni taa ndogo pembeni mwa fremu, inayowaka ukirekodi. Mamlaka ya data ya Ireland ilitilia shaka taa hiyo mwaka ule ule wa 2021, kwamba ni ndogo mno. Toleo jipya likaongeza ukubwa wake, na ukiiziba kwa kidole kamera inagoma. Kufikia 2025 waandishi wa habari Marekani walionyesha kwamba kuna fundi anayeizima kwa dola 60.

Nisimwonee mtu. Kwa asiyeona, miwani inayosoma lebo ya dawa na kumwambia ni mlango upi ulio wazi inaweza kumbadilishia siku nzima, na tangu 2024 huduma ya Be My Eyes inapatikana humo. Nadhani itaenea, na itaingilia kwenye maduka ya miwani, kwa watu kama mimi ambao tayari tumebeba fremu puani na hatuoni shida ya kuongeza gramu chache. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Sheria zote mbili zinazungumzia ridhaa. Lakini ridhaa ya bibi ilikuwa na mwanzo unaoonekana kwa macho.

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye boti ya kwenda Dar. Kijana mmoja alikaa mbele yangu, fremu nene nyeusi, uso wake kwangu. Jua la dirishani lilikuwa linapiga pembeni mwa lenzi yake, na sikuweza kujua kama kile kinachong'aa ni jua au ni taa. Nikainamisha kichwa kidogo nipate kuona vizuri, nikasogea mbele kitini.

Miwani yangu nayo ina fremu nene nyeusi. Akaniangalia kidogo, akageuzia uso baharini, na mkono akauweka shavuni mpaka tulipofika.