Gitaa na Mkono Mwepesi

Katika nchi yetu ya Shinyanga na Geita, gitaa ni mgeni aliyekwisha kuzoewa. Lasikika harusini, katika kwaya, na jioni karibu na machimbo ya dhahabu. Lakini lawama moja yarudi mara kwa mara: gitaa lameza maneno ya mwimbaji. Mpigaji hukwaruza nyuzi zote 6 kwa nguvu za mkono mzima, na walioketi karibu hawajui wimbo wasema nini. Wengine hudhani dawa yake ni kutafuta gitaa jingine. Tukitazama habari za zamani, tutaona kwamba dawa i mkononi.

Wazee wa Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa na ndono, upinde wa uzi mmoja wenye kibuyu, upigwao kwa kijiti. Sauti yake ni ndogo, nayo haishindani na mwimbaji.

Gitaa nalo zamani lilikuwa na sauti ya upole. Huko Ulaya nyuzi zake zilifanywa kwa matumbo ya wanyama. Katika karne ya 19 fundi Antonio de Torres wa Hispania alilikuza tumbo lake, na katika karne ya 20 nyuzi za chuma zikaenea, gitaa likazidi kuvuma. Basi, chombo kikiisha kupewa nguvu na fundi, mpigaji ana haja gani ya kukiongezea nguvu za bega?

Jibu zuri lilitoka kwa watu ambao asili yao ni huku kwetu. Katikati ya karne ya 19 Msiri alitoka Usumbwa, upande wa Kahama na Geita ya leo, akaenda Katanga kwa biashara, akasimamisha ufalme wake Bunkeya. Aliuawa mwaka 1891, lakini watu wake, Bayeke, walibaki huko. Katika hao alizaliwa Mwenda Jean Bosco, mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alinasa nyimbo zake mjini Jadotville, uitwao leo Likasi. Mwenda alipiga kwa vidole 2 tu: kidole gumba kilishika nyuzi nene, na cha shahada nyuzi nyembamba. Gitaa moja likasikika kama mawili, wala hakuna uzi uliopigwa kwa hasira. Huko magharibi ya Kenya, George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, naye alitumia vidole hivyo 2.

Hata apendaye kukwaruza aweza kujifunza kwao. Mwendo na utoke katika kifundo cha mkono, bega litulie. Mkono ukishuka, uguse nyuzi nene 3; ukipanda, uguse nyembamba 2 au 3; usizikokote zote kila mara. Uguse juu juu, usizame kati ya nyuzi. Nyama ya kidole gumba ni laini kuliko ukucha. Na ukisogea upande wa shingo ya gitaa, sauti huwa ya upole kuliko karibu na daraja. Mkono uendelee kushuka na kupanda hata usipogusa kitu, ili mapigo yasipotee.

Mwenye kutaka kujipima, na apige huku akisema maneno ya wimbo kwa sauti ya mazungumzo. Aliyeketi hatua 5 mbele yake akiyasikia yote, mkono umekwisha kujifunza.